Kope Tatu za Polista

Saa tisa za usiku, Łódź.
Jina la mji huu ni Mashua,
lakini mito yake waliifukia zamani
chini ya lami na viwanda,
nayo ingali inapita huko gizani kama damu,
nasi tunatembea juu yake na mikoba yetu.

Simu imeniamsha. Si mama, si mpenzi.
Ni mashine.
Imeandika neno moja: IMESIMAMA.

Siku ishirini na nne ilikuwa ikipiga
mapigo kumi na tano kila sekunde
ndani ya sanduku la kioo, maji ya chumvi vuguvugu,
na katikati vali yangu,
kope tatu za polista
nilizofuma uzi kwa uzi,
zikifumba, zikifumbua,
zikifumba, zikifumbua,
moyo usio na mwenyewe.

Ilipaswa kufika milioni mia mbili.
Imeishia thelathini na moja.

Naenda kwa miguu, tramu bado zimelala.
Theluji ya Februari imekuwa nyeusi ukingoni mwa njia.
Mlinzi, Bwana Zenobiusz, ananifungulia mlango,
ananitazama usoni.
"Amekufa?"
"Amekufa."
Anavua kofia, kisha anaivaa tena, kuna baridi.

Wenzangu waliochagua shahada ya madarasa
walivaa joho mwaka jana mwezi wa sita.
Jagna anauza vitanda vya hospitali. Ana gari.
Mimi nilichagua utafiti,
nikadhani utafiti ni kutafuta.
Hakuna aliyeniambia ni kungoja,
ni kuosha chupa,
ni kujaza fomu tatu kuomba kibano kimoja,
ni kurudia Alhamisi jaribio la Jumatatu
kwa kuwa Jumatatu mtu aliiegemea meza.

Na kila Jumapili mama hupiga simu:
"Bogna, utamaliza lini?"
Alifuma mashuka miaka kumi na mmoja
katika jengo la matofali mekundu
ambalo leo lina sinema na maduka ya viatu.
Walipolifunga walimpa saa ya ukutani.
Siku hizi yuko kaunta,
anapitisha maziwa ya watu mbele ya taa nyekundu,
mlio, mlio, mlio,
naye pia hakuna anayemwambia ni mangapi yamebaki.

Naitoa vali, naiweka chini ya hadubini.
Kompyuta ilisema itachanika tumboni mwa kope.
Miezi mitano ya hesabu,
nikapapaka rangi nyekundu, nikapapeleka Wrocław kwenye bango,
watu wakatikisa vichwa kwa heshima.
Tumboni ni pazima kama shuka la dukani.
Ni kwenye pindo.
Nyuzi mbili zimechomoka,
ya tatu inazifuata,
mahali ambapo sikuweka hata nukta moja ya hesabu
kwa sababu pindo, nilijiambia, ni ushonaji tu.

Nina marejeo mia moja na arobaini.
Sidhani kama yumo humo mtu aliyewahi kupinda shuka.

Profesa Sulikowska atafika saa tatu, na koti lake la kijani.
Najua atakavyosema, atavuta kiti kwanza:
"Umejua lilipochanikia? Basi una sura ya nne."
Huenda ni kweli. Huenda ni huruma.
Naandika daftarini, kwa kalamu, maana kalamu haifutiki:
*pigo la 31,104,000. Pindo. Kosa langu.*
Kisha nalikata hilo neno la mwisho kwa mstari mmoja
ili lisomeke bado.

Saa kumi na moja. Mama huamka saa hizi.
Nampelekea picha, imekuzwa mara themanini.
"Ni nini hiki?"
"Pindo."
Kimya. Naona anaandika, anaacha, anaandika.
"Nani kashona hovyo hivi?"
"Mimi."

Nje tramu ya kwanza inapiga kengele.

"Fumua," ameandika.
"Na unywe chai kwanza."