Nguzo ya Mia Mbili

Sisi ni mafundi wa lifti. Ugali wetu ni wali,
na wali wetu tunaupata kwa kuwaepusha watu na ngazi.
Sasa tutazame: wanne, fulana za manjano,
mbele yetu kilomita mia za milima ya Hong Kong
na kinguzo kila nusu kilomita, chenye namba,
kama orofa.

Kwenye cha kwanza Kin-fung alibonyeza kitufe hewani.
"Tunapanda," akasema.
Tukacheka. Jua lilikuwa linazama
na kicheko kilikuwa bado bei rahisi.

Wateja walituahidi dola kumi kwa kila nguzo.
Muuza samaki wa chini ya ofisi yetu aliahidi ishirini,
"ila mfike wote," akasema, kisu kikishuka,
"habari za watatu msiniletee."

Fedha ni za kiti chenye minyororo, kinachopanda ngazi,
kwa ajili ya Bi Yuk-lin na wenzake wa Sham Shui Po,
katika majengo ambayo hakuna aliyekumbuka
kuyaachia tundu la lifti.
Orofa ya saba. Mwaka wa tatu hajakanyaga barabara.
Bei ya mboga huisikia dirishani
na hubishana nayo peke yake.

Usiku kucha tulikuwa taa nne za vipaji vya nyuso.
Mchanga wa ufukweni ulitafuna soksi,
mianzi ikasugua mianzi, kama mtu anayetafuta funguo.
Nguzo ya sitini. Ya themanini na moja.
Hakuna aliyesema neno ambalo halikuhusu miguu.

Alfajiri, kima mmoja akashuka mtini bila haraka,
akafungua zipu ya mkoba wa Lai-kuen,
zipu, jamani, kwa vidole viwili,
akaondoka na mkate wa nanasi.
Lai-kuen, karani wetu, akatoa daftari akaandika:
*Mchango. Mkate mmoja.*

Kisha mlima mkubwa, na ukungu,
na kwenye nguzo ya mia na thelathini na saba
goti la Po-shan likagoma.
Po-shan, anayebeba mota begani na kupiga mluzi!
Akakaa juu ya jiwe, akatazama viatu vyake
kama mali ya mtu mwingine.
"Niacheni," akasema.

Lai-kuen hakuinua sauti.
"Lifti ikikwama, nani huondoka kabla wa mwisho hajatolewa?"
Kimya.
"Uliniandikisha wewe hiyo kanuni. Ukurasa wa nne."

Akainuka.
Mteremkoni goti likakataa kabisa kwenda mbele,
basi akashuka kinyumenyume, mikono mabegani mwangu,
uso kwa uso, kama wacheza dansi wa hoteli mbaya.
Mimi nilimwambia mawe yaliko.
Yeye aliniambia tulikotoka:
"Ukungu unafunguka. Kilele kinaonekana.
Loo. Kumbe tulikuwa juu hivyo."
Kilomita moja, saa nzima. Timu za vijana zikatupita
zikituombea heri, na harufu ya dawa ya misuli.

Nguzo ya mia mbili tuliigusa usiku wa pili,
mikono minne, mmoja juu ya mwingine.
Ndani ya basi hakuna aliyeona dirisha.
Muuza samaki alilipa, noti zenye magamba.

Jumanne nilikwenda kupima ngazi za Bi Yuk-lin.
Mia na kumi na mbili. Mapaja yalizihesabu kabla yangu.
Alinipa chai, akaitazama medali
niliyokuja nayo, sijui kwa nini.
"Mlitembea mbali hivyo," akasema,
"na mimi nipo hapa. Vituo viwili kutoka ofisini kwenu."

Nilikunywa chai mpaka majani.
Kisha nikatoka kibarazani, nikapiga goti,
nikafungua futi ya chuma
nikaanza na daraja la juu.