Mfuko wa Kumi na Tisa

Ukutani mwa afisi yetu, Langoni,
jedwali lilikuwa na rangi tatu:
kijani, kilichokwisha; manjano, kinachoendelea;
nyekundu, mtaro wa uchochoro wa saba,
wiki kumi na nne nyuma ya ahadi.

Niliandika ripoti. Punda wachache.
Mafundi hawajitumi. Saruji imekwama Mokowe.
Kila sababu ilikuwa na miguu,
ikafika Nairobi, ikarudi na swali lile lile.

Fundi Shekuwe alikuja kudai posho,
akatazama ukuta, akacheka kwa pua.
"Mato yako yako karatasini," akasema.
"Ndia iko huku."

Basi nikanunua daftari la kurasa arobaini.
Kwa kipande cha mkaa nikachora msalaba
juu ya mfuko mmoja wa saruji, wa kumi na tisa,
nikaufuata kama mdai.

Ijumaa, saa tatu: umeshuka gatini.
Saa nne: mgongoni mwa punda aitwaye Waziri,
mwenye sikio moja na nusu.
Saa tano kasoro: stoo.
Hapo mfuko ukalala.
Jumamosi ukalala. Jumapili, Jumatatu, ukalala.
Nami nikakaa kwa Mwanakheri muuza mahamri
nikiandika, umelala, umelala,
hata akachoka kunimiminia chai.

"Unangoja nini?"
"Nangoja kujua mfuko unangoja nini."
"Huo? Unangoja saini."
"Ya nani?"
Akanitazama kama atazamwavyo
mtu atafutaye miwani aliyoivaa.

Yangu. Alhamisi kwa Alhamisi, saini yangu,
kanuni niliyoitunga mwenyewe nikaiita nidhamu.
Nyani alikuwa na daftari mkononi,
na kundule ukurasa wa nne.

Tuliketi mkekani: mafundi, wenye punda, Mwanakheri,
na mhasibu Famau, asiyependa kuketi chini.
Nikasoma kwa sauti, sikuuruka ukurasa wa nne.
Kimya. Kisha Shekuwe:
"Haya. Tujaribu wiki moja. Isipofaa, tutupe."
Ufunguo akapewa Mwanakheri,
aonaye kila kipitacho tangu alfajiri.

Wiki ile mfuko ulilala usiku mmoja tu.
Lakini hesabu ilipungua mifuko mitatu,
na Famau akasema, "Si niliwaambia,"
akaisema mara mbili, kwa raha.
Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na nusu mifuko
iliyohesabiwa kuwa mizima.
Tukaandika. Tukabadili:
mstari wa chokaa mlangoni kwa kila mfuko utokao,
mfupi kwa nusu,
hata mtoto atokaye chuoni ausome.
Wiki ya pili mlango ukawa mweupe
na hesabu ikakubali.

Sitasema tulishinda.
Mvua ya kwanza ilishuka usiku,
tukatoka na tochi, nguo tumezipandisha,
kuyatazama maji ya uchochoro wa saba.
Yakapita, yakapita,
yakafika pembeni mwa nyumba ya Bi Zena
yakasimama, yakajizungusha
kama mgeni aliyekosea mlango.

Famau akachuchumaa. Famau, na suruali yake ya pasi!
Akatia mkono majini.
"Hapa pameinuka," akasema. "Vidole viwili."

Nikafungua daftari chini ya mwavuli wa Mwanakheri,
ukurasa wa ishirini na tatu.
Nikaandika tarehe.
Kalamu nikampa Famau.