Fundo la Tatu

Kusema kweli, nilifuata pilau.
Tangazo lililobandikwa dukani pale Maweni
lilisema Jumamosi chuo kiko wazi,
njooni muonje ualimu wa michezo, chakula kipo.
Mimi na C yangu kavu,
na fomu ya ukarani wa hoteli
nimeikunja mara nne ndani ya sidiria,
nikaenda.

Michezo! Shuleni kwetu kilikuwa kipindi cha kwenye ratiba tu.
Mwalimu wa hesabu alikimeza kila Alhamisi,
nasi tukabaki vitini tukikokotoa
mwendo wa mtu anayekimbia.

Nilitarajia hotuba, mkuu wa chuo na kikohozi chake.
Mwalimu Mbodze hakutupa hata karatasi.
Alipuliza kipenga, akafungua lango,
wakamwagika watoto wa darasa la pili,
akatugawia mmoja mmoja kama agawaye mandazi.
"Huyu wako. Adhuhuri ikifika awe anajua kudaka."
"Nifanyeje?"
Alikuwa keshageuka.

Wangu aliitwa Kitsao.
Mpira ulipoondoka mkononi mwangu alifumba macho,
ukampiga kifuani,
akacheka cheko la mtu asiyetaka kulia.
Nikarusha taratibu. Akafumba.
Nikamwambia fumbua. Akafumba zaidi.
Jua la saa nne, mchanga umeanza kuuma nyayo,
na jirani yangu, kijana wa Ngomeni,
wake keshadaka mara saba,
anahesabu kwa sauti, makusudi.

Basi nikafungua leso ya mama kiunoni
nikaitupa juu.
Leso haina haraka.
Ilitanuka, ikavuta upepo, ikafikiri, ikaanza kushuka,
na Kitsao akaitazama yote,
pindo, mji, hadi jina lake,
mpaka ikamfunika uso
na mikono yake, humo ndani, imeishika.

Nikapiga fundo. Ikashuka upesi kidogo. Akadaka.
La pili. Ikamponyoka, akaikimbilia mwenyewe.
La tatu: sasa ni tonge zito,
ni mpira, umekosa jina tu,
na macho yake, wallahi, kodo!

Mwalimu Mbodze alipita nyuma yangu.
Hakusifu. Aliandika kitu daftarini, akauliza,
"Nani alikufundisha hivyo?"
Nikatafuta jibu. Halikuwapo.

Pilau ilinifikia imepoa.
Niliila nimesimama, kwa mkono mmoja,
maana Kitsao alikuwa bado anarusha.

Jioni mama aliipokea leso yake kwa vidole viwili:
vumbi, jasho, alama za meno ya mtoto.
"Ulikwenda chuoni au mielekani?"
Fundo la kwanza alilifungua.
La pili alilifungua kwa meno.
La tatu likakataa katakata.

Fomu nayo ilikuwa imelowa kifuani,
wino umehama mistari,
jina langu limeingia kwenye kisanduku cha ofisi.

Liache hilo, mama, nikasema.
Jumatatu nalihitaji.