Mhakiki wa Pili

Andiko limekuja bila jina.
Namba mia nne na kumi na saba,
kurasa kumi na tatu, na dai moja zito:
kufuli la mashine za mawakala wa pesa
hufunguka kwa sekunde tisa.

Changanyikeni, saa nne usiku.
Luku ina yuniti tatu.
Nazima feni, naiacha kompyuta.

Sikuitwa kuamini.
Nimeazima mashine kuukuu kwa Bi. Mwanahawa,
wakala wa pale kituoni.
"Hiyo imestaafu tangu mwaka juzi," alisema,
"ila usinilie salio."

Nafuata hatua za andiko kama zilivyo.
Jaribio la kwanza, kimya.
La pili, kimya.
La thelathini na moja, saa nane kasoro,
kufuli linaachia taratibu
kama kitasa cha chumba cha kupanga.
Si sekunde tisa. Dakika nne.
Naandika: dakika nne.

Mwamba ngoma huivutia kwake,
ndiyo maana tumewekwa watatu,
kila mmoja ashike pembe yake ya ngozi.
Wa kwanza amesifu kwa mistari miwili.
Wa tatu, naapa, hakuvuka ukurasa wa tano,
maana ukurasa wa sita
una mchoro ambao mishale yake
yote inatoka kulia kwenda kushoto.

Nilipata kumfundisha mtu mmoja tu
aliyechora hivyo.
Nyamizi, wa benchi la nyuma, mkono wa shoto,
aliyenibishia muhula mzima
na mara mbili akawa sahihi.

Namwandikia mwenyekiti: nadhani namjua.
Anajibu kwa neno moja: unadhani?
Sijui nimjibu nini.
Nikimpendelea nimemwibia;
nikimkazia ili nisionekane nampendelea,
nimemwibia vilevile.

Basi naacha mishale, narudi kwenye hesabu.
Sekunde tisa zilipimwa kwenye mashine ngapi?
Mbona jedwali la pili halina yaliyoshindikana?
Na la mwisho, nalifuta, nalirudisha:
wenye mlango wameambiwa
kabla sisi hatujaonyeshwa ufunguo?

Umeme unakata kabla sijatuma.

Asubuhi narudisha mashine.
Bi. Mwanahawa anamhesabia mtu elfu kumi na mbili
kwa mashine mpya, ya kampuni ileile.
"Imepona?" ananiuliza bila kuinua macho.
Nina kurasa kumi na tatu kooni
na kiapo cha kutozitema.
"Bado," nasema.
"Bado kidogo."