Leja ya Kulwa na Doto

Jeshini walikuwa tarakimu tu.
Sisi wa karakana ya Mwanza Kusini tuliwaita Kulwa na Doto,
kwa kuwa walishushwa majini wiki moja,
Kulwa akitangulia, kama ilivyo desturi.

Meli za kutua: tumbo bapa, pua hakuna,
na mahali pa pua pana lango
linaloangukia mchangani kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu.
Waliozichora waliwaza vifaru,
vijana wenye helmeti wakikimbilia ufukweni.
Ziwa letu halikuwa na adui wa kutosha.
Zikabeba saruji, marobota ya pamba,
madawati ya shule za Ukara,
na mara mojamoja maiti anayerudishwa kwao.

Mimi Nyamizi, mtunza stoo.
Nilirithi leja yenye jalada la kitambaa
na mwandiko wa Lugayila, unaolalia kushoto.
Yeye ndiye aliyeanza, mwaka Doto alipopasuka bloku ya injini:
*Pampu ya mafuta, moja. Kutoka: Doto. Kwenda: Kulwa.*
Nami nikaendeleza.
Beringi, nne. Kutoka: Doto.
Winchi ya kushoto. Kutoka: Doto.
Taa, honi, mpira wa lango,
hata kiti cha nahodha, maana Mafuru anaumwa mgongo.

Doto yuko nyuma ya gati, magugu maji yamemfika kiunoni.
Mdiria huingia kwa dirisha moja, hutokea kwa jingine.

Jumanne, pini ya bawaba ya lango la Kulwa ilikatika.
Unene wake kama kifundo cha mkono wangu.
Niliandika ng'ambo. Jibu likaja na salamu tele:
kiwanda kilifungwa, michoro iliuzwa,
pale sasa wanaunda vitanda vya hospitali.
Nikachukua tochi, nikaenda kwa Doto.
Tundu la bawaba lilikuwa tupu,
kenge mdogo amelala ndani yake.
Nikarudi kwenye leja. Ukurasa wa kumi na tisa,
mwandiko unaolalia kushoto:
*Pini, moja. Kutoka: Doto.*
Kumbe iliyokatika ndiyo ileile.

Masanyiwa hakusema neno.
Alirudi na mhimili wa kinu cha pamba kilichokufa huko kwao,
ameufunga kwenye pikipiki kama mgonjwa.
Akakereza siku mbili. Chuma kilitoa nyuzi za buluu zilizojisokota;
alizifagia, akaziweka kwenye mizani, akasoma kilo,
kisha akacheka peke yake:
baba yake alikuwa mpima pamba.

Jana lango limeshuka Nansio.
Ng'ombe wa kwanza alinusa bawaba, akagoma,
akasukumwa, akapita.

Leja inauliza: *Kutoka?*
Safu ya vinu haimo.
Bibi yangu alijifungua pacha, akabaki mmoja.
Aliendelea kupakua sahani mbili
hadi mwaka ule wa njaa.

Nimeandika: *Doto.*
Mkaguzi akija atauliza.
Nitampa tochi, nimwoneshe njia ya gatini,
akahesabu mwenyewe.