Mzungu wa Nne

Luhwago kaniachia kopo na maji ya sabuni:
“Toa wadudu wote kwenye alizeti, mmoja mmoja.”
Kisha akashika njia ya Iringa mjini
kuuza lile gunia tunalobishania tangu Jumapili.

Bwana shamba huwaita kunguni tu.
Binti yangu Tulalumba huwaita hereni,
na ni kweli: mgongo wa kijani unaogeuka buluu ukiinamisha kichwa,
madoa meusi, kama umedonoa wino kwa njiti ya kiberiti,
na tumbo jekundu, la siri,
mfano wa bitana ya koti la harusi.
Ukiwagusa, wananuka.

Kumi na saba wamezama.
Wa kumi na nane anamzunguka jike,
anamgonga kwa vipapasio, polepole,
kama mtu anayebisha hodi ukweni.
Teke.
Anarudi. Teke.
Anasimama, anatetemesha bua.
Sisikii kitu, ila kidole changu kilichoshika jani
kinasikia.

Wakaungana, dume akageuka.
Nyuma kwa nyuma: huyu anatazama milima,
yule barabara ya Dodoma.
Mzungu wa nne,
kama tulalavyo sisi, usiku wa nne leo,
nyayo zake puani kwangu, neno hakuna.
Sikujua kuna viumbe ambao kwao
kulala hivyo ndiyo ndoa.

Jike ndiye mkubwa. Akisikia njaa, anaondoka,
na dume anaburutwa kinyumenyume,
miguu sita ikitafuta pa kukanyaga,
hajui aendako, na haachii.
Nilicheka peke yangu shambani Isimani,
nikaziba mdomo kwa khanga, utadhani kuna mgeni.

Saa tano. Saa sita. Bado.
Kwenye bua kavu la jirani
mayai yamezungushwa kama shanga kiunoni,
meupe, machache yameanza kuiva wekundu.
Hao ndio watakaokuja kunyonya mbegu.
Najua. Na deni la mbegu ni letu.

Bua la mayai nikalivunja, nikalitia kopo.
Wale wawili nikawaacha.
Usiniulize hesabu hiyo nimeipigaje.

Usiku Luhwago akalala kama alivyozoea,
kichwa miguuni pangu.
Nikagonga ubao wa kitanda kwa kidole,
mara moja, polepole.
Kimya.
Nikagonga tena.

Teke.

Lilikuwa dogo.
Nikagonga tena.