Sababu ya Ziara

Fomu ina kurasa tatu, nami nina kalamu moja
ambayo wino wake umegoma kwa baridi.
Naipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi.
Jina kamili. Nambari ya pasipoti. Idadi ya wasafiri.
Naandika watano, nakata, naandika wanne:
Serikbol anasema lazima mtu abaki na farasi,
na tangu juzi tunangoja kuona nani atajitolea.

Ayaru amechora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Kwetu ni nukta. Kituo cha roketi ni jumba lenye ncha.
Katikati ni nyika, ameijaza nyasi moja moja
mpaka penseli ikamwishia mkononi.
Anataka kujua kama makumbushoni wanaruhusu kugusa,
kama kiti cha mwanaanga kina mkanda kama wa gari letu
au ni mzima.
Mdogo wake, Dauren, anahesabu kutoka kumi kurudi sifuri;
kwenda mbele bado hajui.

Treni ni ya Alhamisi usiku. Vitanda vya chini vimekwisha,
na goti la mama mkwe halipandi ngazi.
Nimempigia karani wa stesheni mara nne.
Mikate ya kukaanga, ya siku mbili. Jibini kavu, mfuko mzima.
Soksi za sufu. Vyeti vya kuzaliwa, nakala,
na nakala ya nakala, kwani askari wa getini
hupenda karatasi kuliko watu, ndivyo wasemavyo.

Mama Kalamqas hajasema neno tangu chai ya kwanza.
Anatazama nje, kwenye banda la kuku.

Paa la banda lile si bati la dukani.
Lilishuka usiku wa manane, mwaka aliozaliwa Serikbol,
likiwaka, likapiga kishindo kimoja tu,
kondoo wakatimka hadi mtoni.
Asubuhi wanaume wakaenda na misumeno na mkokoteni.
Chuma chepesi, alisema marehemu mumewe,
chepesi kama uongo.
Wakapata paa, na sleji mbili za watoto,
na beseni alimoogeshwa Serikbol hadi alipoanza kutambaa.
Barua ya kukataza watu wasiguse ilifika miezi minane baadaye.
Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kufa,
na hakuna aliyeandika kwa nini.
Mpanda ngazi hushuka, sawa,
lakini nani aliwaambia washukie kwetu?

Ukurasa wa tatu: Sababu ya ziara.
Mistari miwili, mifupi.
Naandika Elimu ya watoto. Ayaru anataka Furaha.
Serikbol, mlangoni, theluji mabegani:
"Andika Utalii, ndilo neno wanalolipenda."

"Miaka arobaini wanakuja kwetu bila hodi,"
akasema Mama Kalamqas, bado macho yako dirishani.
"Hata sukari hawakuleta.
Andika: tunarudisha ziara."

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akainuka na goti lake, akafungua kopo la nyuzi na sindano,
akatoa skrubu moja, nene kama kidole gumba,
yenye tarakimu zilizochongwa kichwani,
akaifuta kwa pindo la gauni, akaifunga katika leso.
"Hii ni yao," akasema. "Nilimnyang'anya huyu
alipotaka kuimeza."
Serikbol akajitazama viatu.

Nikaandika alivyosema. Mistari haikutosha,
nikapinda nikapanda pembezoni mwa karatasi,
maneno ya mwisho yamesimama wima kama yanaruka.
Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza:
nikakata wanne, nikarudisha watano.
Farasi wataombewa kwa jirani.

Bado kitanda cha chini.
Kesho nitampigia tena yule karani,
na safari hii nitaanza kwa kumuuliza
mama yake hajambo, na magoti yake je.